Kelele, Ladha na Kiti cha Daktari: Meno ya Mtoto Mwenye Usonji

Machi 20 kila mwaka ni Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani. Wanafunzi hupangwa mstari, hugawiwa miswaki, na daktari huwaonyesha kwa meno makubwa ya plastiki namna ya kusugua. Siku 13 baadaye, Aprili 2, ni siku ya usonji, iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2007. Hapo huwa ni matembezi, fulana za buluu, na hotuba kuhusu shule na unyanyapaa. Siku hizi mbili zinapakana kwenye kalenda, lakini ni nadra moja kuigusa nyingine. Kumbe mtoto mwenye usonji ana meno ishirini ya utotoni kama wenzake, na baadaye ana ya kudumu, na katika nyumba nyingi meno hayo ni mvutano wa kila asubuhi na kila usiku. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Hiyo si idadi ya kusahaulika kwenye foleni ya kliniki ya meno.

Kwanza iondolewe dhana moja inayowaumiza wazazi bure. Usonji hauozeshi meno. Hakuna ushahidi thabiti kwamba watoto hawa huzaliwa na meno dhaifu kuliko wengine. Jino lao huoza kwa njia ileile: vijidudu vilivyomo kwenye ukoga hula sukari na kutoa asidi, asidi hiyo ikishusha pH ya mdomoni chini ya 5.5 hivi, tabaka gumu la nje la jino huanza kupoteza madini. Mate hufanya kazi ya kuirudisha hali sawa, ila huhitaji nusu saa au zaidi. Mtoto akila kitu kitamu tena kabla muda huo haujaisha, kazi ya mate inaanza upya. Kinachoamua mambo ni mara ngapi sukari inaingia mdomoni na inakaa humo kwa muda gani, na je, kuna mtu anayefanikiwa kuusugua ukoga ule.

Ndiyo maana tafiti za nchi mbalimbali zinagongana. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa watoto 61 wenye usonji kutoka vituo vya Dubai na Sharjah. Asilimia 77 kati yao walikuwa na meno yaliyooza, ilhali kwa watoto waliolinganishwa nao ilikuwa asilimia 46. Miaka mitatu kabla ya hapo, watafiti wa Boston, Marekani, walikuwa wamekuta kinyume chake: wagonjwa wao wenye usonji walikuwa na meno machache mabovu kuliko wasio na usonji, ila walishindwa zaidi kutulia kwenye kiti na walihitaji zaidi kutibiwa kwa nusu kaputi. Mwaka 2017 uchambuzi uliokusanya tafiti kadhaa ulipata wastani wa asilimia 60.6 kwa kuoza meno na asilimia 69.4 kwa magonjwa ya fizi.

Msomaji anaweza kukata tamaa na takwimu zinazovutana hivi. Lakini zikitazamwa pamoja zinasema jambo la maana sana. Kama maradhi yangetokana na usonji wenyewe, matokeo yangefanana Dubai na Boston. Yanatofautiana kwa sababu yanafuata chakula cha nyumbani, mazoea ya kupiga mswaki na aina ya kliniki iliyo karibu, na hayo yote yanaweza kubadilishwa na watu.

Mwaka 1943, Leo Kanner, daktari wa watoto na wa magonjwa ya akili huko Baltimore, aliandika makala kuhusu watoto 11 ambayo ndiyo iliyoanzisha somo la usonji katika tiba. Hakuandika juu ya meno. Lakini aliona mambo mawili kwa watoto wale: wengi walisumbua sana kwenye kula tangu uchanga, na kelele kubwa pamoja na vitu vinavyosogea viliwatia hofu kubwa. Ilichukua hadi mwaka 2013 kwa mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili kuingiza rasmi hisia zilizozidi au kupungua, yaani za sauti, mwanga, harufu, mguso na ladha, katika dalili za usonji. Chakula na kelele: matatizo karibu yote ya kinywa cha mtoto huyu yanapitia milango hiyo miwili.

Tuanze na chakula. Wapo watoto wenye usonji wanaokubali vyakula vitano au sita tu, na mara nyingi ni vile laini, vyenye ladha isiyobadilika: biskuti za aina moja, mkate mweupe uliochovywa kwenye chai ya maziwa yenye sukari, uji mtamu, chipsi, juisi ya pakiti. Biskuti ya dukani haibadiliki, ya leo ni sawa na ya juzi, na kwa mtoto anayeogopa mabadiliko hiyo ni faraja. Chungwa halina uhakika huo. Leo tamu, kesho kali, na lina nyuzi na mbegu. Wengine hukikalisha chakula shavuni kwa muda mrefu bila kumeza, kikawa kinayalisha magego polepole. Halafu kuna pipi ya zawadi. Mwalimu au mzazi akitaka mtoto akae, atazame, atamke neno, humpa kitu kitamu kila anapofanikiwa, pengine mara ishirini kwa siku. Kwa mafunzo ni njia inayozaa matunda, ila kwa jino ni kuogeshwa asidi mchana kutwa. Zawadi inaweza kuwa kibandiko, mapovu ya sabuni, dakika moja ya bembea au kipande cha karoti, na mwalimu mzuri atagundua haraka ni ipi inayompendeza mwanafunzi wake.

Dawa nazo zimo. Sharubati za watoto nyingi hutiwa sukari, na zinazotolewa usiku hubaki mdomoni wakati mate yamepungua. Watoto wengi wenye usonji pia wana kifafa, na fenitoini, dawa ya kifafa inayotumika sana katika hospitali zetu kwa kuwa ni nafuu, huweza kuzifanya fizi zivimbe na kukua hadi zikafunika sehemu ya meno. Mzazi akiona hivyo asiikatishe dawa, maana kifafa kikirudi ghafla ni hatari kubwa zaidi. Ampeleke mtoto kwa daktari aliyeiandika, na wakati huohuo azidishe usafi wa fizi, kwa sababu palipo na ukoga mwingi ndipo uvimbe unapozidi.

Sasa mswaki wenyewe. Kwa mtu wa kawaida povu la dawa ya meno ni kitu asichokifikiria. Kwa mtoto ambaye ulimi wake unahisi kila kitu maradufu, mnanaa huchoma, povu hukaba, na nywele za mswaki hukwaruza. Anapofunga mdomo na kugeuza uso anajikinga, hata kama kwa anayemtazama ni kiburi. Watoa tiba wanaozoea kazi hii huanza mbali: mswaki unaguswa kwa mkono, kisha shavuni, kisha mdomoni bila dawa, jino moja la mbele kwa hesabu ya moja hadi tatu, na hapo kazi ya siku imekwisha. Kesho hadi tano. Hesabu inasaidia kwa sababu mtoto anajua mwisho uko wapi. Mswaki laini wenye kichwa kidogo unatosha. Wapo wanaopenda mtetemo wa mswaki wa umeme, na wapo wanaoukimbia. Dawa isiyotoa povu au isiyo na mnanaa, ikipatikana, hupunguza ugomvi. Pwani, ambako watu bado hutumia mswaki wa mti, mtoto aliyemwona babu yake akiutafuna anaweza kuukubali kabla ya ule wa plastiki. Kasoro yake ni kwamba haumpatii floraidi ya kutosha, basi uwe daraja la kumvusha.

Namna ya kumshika ni muhimu kuliko chapa ya mswaki. Wazazi wengi husimama mbele ya mtoto, uso kwa uso, mkono ukimjia machoni. Inafaa mzazi akae kwenye kiti au kitandani, mtoto akae chini kwenye mkeka, mgongo ukiegemea miguu ya mzazi, kama binti anayesukwa nywele. Kichwa kinapumzika mapajani, mkono mmoja unashika kidevu taratibu, mwingine unasugua, na mtoto anaendelea kutazama anachokipenda mbele yake. Mwanga ukiingia dirishani, mzazi anayaona magego ya nyuma vizuri. Hapo ndipo anapoweza kugundua alama nyeupe kando ya fizi, dalili ya kwanza ya kuoza, ambayo bado inaweza kurudi nyuma kwa floraidi na kupunguza sukari.

Kiasi cha dawa kinahitaji uangalifu kwa mtoto asiyejua kutema. Chini ya miaka mitatu ni kama punje ya mchele, baada ya hapo ni kama punje ya njegere. Kwa familia za Arusha, sehemu za Kilimanjaro, au upande wa Kenya kandokando ya Nakuru na Naivasha, onyo hili lina uzito wa pekee, kwani maji ya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi kiasi cha kuyapaka meno ya watu rangi ya kahawia. Huko mtoto anayemeza dawa ya meno anaongeza juu ya kile anachokunywa tayari. Jawabu si kuacha dawa, ni kupunguza kiasi na kumpa maji ya chanzo kilichopimwa pale yanapopatikana.

Kuna jambo moja linalostahili kusemwa kwa sauti kubwa kuliko yote, nalo ni maumivu. Mtoto mwingine huja kwa mama akashika shavu na kusema, "Mama, jino linaniuma." Mtoto mwenye usonji asiyezungumza huenda akapiga taya lake kwa ngumi, akagonga kichwa ukutani, akauma mkono wake, akaamka saa nane usiku akipiga kelele, au akaacha ghafla biskuti aliyokuwa akiipenda kuliko kitu chochote. Wanaomzunguka husema usonji umezidi. Hupelekwa kwa daktari wa akili, huongezewa dawa ya kumtuliza, wakati kwenye gego la chini kuna tundu lililofika kwenye mishipa, au jipu limetunga usaha chini ya fizi. Hata katika hospitali nzuri tabia ya mtoto huhesabiwa kuwa ni sehemu ya ugonjwa aliokwisha kuandikiwa, na hakuna anayefungua kinywa kuangalia. Mabadiliko ya ghafla ya tabia kwa mtoto asiyeweza kujieleza yawe sababu ya kukagua meno, masikio na tumbo kabla ya kugusa kipimo cha dawa yoyote ya akili.

Na hapo ndipo mlango wa pili, ule wa kelele, unapofunguka: kliniki.

Kliniki ya meno imejaa karibu kila kinachomtisha mtoto huyu. Taa kali inamulika macho. Kiti kinainuka na kulala chenyewe. Mtu asiyemjua amevaa barakoa, nusu ya uso imetoweka, na glovu zenye harufu ya mpira zinaingia mdomoni. Kuna harufu nyingine nzito, ile ambayo watu wazima huitambua mara tu wanapovuka kizingiti: ni yujenoli, mafuta yatokanayo na karafuu, ambayo kwa miaka mingi yamechanganywa kwenye saruji za kuzibia meno. Mtoto wa Pemba huenda anaijua tangu uchanga kwa karafuu zilizoanikwa uani. Kwa mwingine ni harufu ngeni inayochoma pua. Juu ya yote kuna mashine ya kuchimba jino, ambayo ncha yake huzunguka mara 300,000 hadi 400,000 kwa dakika na kutoa mlio mwembamba unaopenya.

Mara nyingi kinachofuata ni kumbana. Baba anashika miguu, nesi anashika kichwa, mama analia pembeni, jino linang'olewa. Kazi imekwisha kwa dakika kumi, na mtoto amejifunza kitu kimoja: asikanyage pale tena. Zipo dharura ambazo hazina njia nyingine, kama usaha unaosambaa shingoni. Lakini kumbana mtoto kwa ajili ya jino ambalo lingeweza kungoja wiki mbili ni kununua shida ya miaka kumi ijayo. Njia ya pili, nusu kaputi, ni salama mikononi mwa wataalamu na wakati mwingine ni huruma, hasa pale meno manane yanapohitaji kutibiwa kwa siku moja. Hata hivyo inahitaji chumba cha upasuaji, daktari wa usingizi na fedha, na foleni yake katika hospitali za rufaa ni ndefu. Pia haimfundishi mtoto chochote. Asipobadilishiwa chakula na mazoea, anarudi baada ya miaka miwili na meno mengine.

Katikati ya kumbana na kumlaza kuna eneo pana ambalo limefanyiwa kazi nzuri. Mwaka 1999 wataalamu wa Sweden walichapisha matokeo ya kutumia picha za rangi kwa watoto wadogo wenye usonji. Kila hatua ya kwenda kwa daktari ilipigwa picha, kuanzia mlango hadi kioo kidogo kinachoingia mdomoni, na mtoto alizitazama nyumbani kabla ya siku yenyewe. Walioandaliwa hivyo walishirikiana na daktari kuliko ambao hawakuandaliwa. Leo simu ya mkononi inatosha. Mzazi anaweza kupita kliniki siku moja kabla, akaomba ruhusa ya kupiga picha za mlango, kiti, taa na daktari akiwa bila barakoa, kisha akazipanga kwa mfuatano na kuzirudia na mtoto kila jioni. Huko Massachusetts, daktari wa meno David Tesini alijenga utaratibu unaogawa ziara katika vipande vidogo vinavyorudiwa hadi vizoeleke: leo kukaa tu, wakati mwingine kulala na mikono tumboni, halafu kinywa wazi hadi hesabu ya kumi.

Utafiti mkubwa zaidi wa upande wa mazingira ulifanyika Los Angeles, na matokeo yake yalitoka mwaka 2023. Watoto 162 wenye usonji, wa miaka 6 hadi 12, walisafishwa meno mara mbili: mara moja katika chumba cha kawaida, mara nyingine katika chumba kilichobadilishwa. Taa kubwa zilizimwa na daktari akatumia taa ya kichwani, muziki wa taratibu ukapigwa, picha zinazotembea polepole zikaonyeshwa juu ya dari, na mtoto akavikwa kitambaa kizito kinachomkumbatia kifuani. Vipimo vya ngozi vinavyoonyesha msisimko wa mwili, pamoja na tabia za woga walizohesabu watafiti, vilishuka katika chumba kilichobadilishwa. Hakuna dawa iliyotumika. Projekta si lazima iwepo ili somo hilo litumike hapa. Kuzima taa ya dari, kununua taa ya kichwani, kumpa mtoto miadi ya kwanza asubuhi ili asikae ukumbini saa tatu akisikiliza vilio vya wenzake, kumfunika kwa lile vazi zito la eksirei ikiwa analipenda: haya yanawezekana katika hospitali ya wilaya.

Habari nzuri zaidi iko karibu na nyumbani. Katikati ya miaka ya 1980, katika mpango wa huduma ya kinywa vijijini wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, daktari wa meno Mholanzi Jo Frencken na wenzake walitafuta namna ya kuziba meno mahali pasipo na umeme. Waliacha mashine na kutumia vifaa vya mkono peke yake. Kwa kipatasi kidogo daktari hupanua mdomo wa tundu, kwa kijiko chembamba cha chuma hukwangua sehemu iliyolainika kwa kuoza, halafu hukausha kwa pamba na kukandamiza kwa kidole saruji inayogandamana na jino na kutoa floraidi kidogo kidogo. Mara nyingi hakuna sindano ya ganzi. Hakuna maji yanayorushwa, hakuna mlio. Njia hiyo ilijaribiwa baadaye Thailand na Zimbabwe, na mwaka 1994 WHO iliitangaza duniani katika Siku ya Afya. Ilibuniwa kwa ajili ya umaskini wa vifaa, ikawa, bila wabunifu wake kukusudia, miongoni mwa njia zinazomfaa sana mtoto anayeteswa na kelele. Inasikitisha kwamba kliniki za mijini zimeielewa kama tiba ya vijijini, ya mtu asiye na uwezo wa mashine, wakati mtoto mwenye usonji wa Upanga, Dar es Salaam, au Kilimani, Nairobi, angeihitaji sana.

Pembeni yake kuna dawa ya maji yenye fedha na floraidi. Hupakwa juu ya tundu kwa brashi ndogo kwa dakika moja hivi, huua vijidudu na kulifanya jino gumu lisiendelee kuoza. Mwaka 2021 WHO iliiingiza katika orodha ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi na ile saruji ya kuzibia. Gharama yake ni rangi: pale palipooza huwa peusi na hapatakati. Mzazi aambiwe hilo kabla na aonyeshwe picha, maana wapo wanaokataa jino jeusi la mbele na wana haki yao. Kwa gego la utotoni litakalodondoka mtoto akiwa na miaka kumi, wengi wakielezwa vizuri hukubali. Uskochi nako kuna njia iliyoanzishwa na daktari Norna Hall, ya kulivika gego kofia ya chuma bila kuchimba wala ganzi, na uozo ukafungiwa ndani bila chakula.

Vifaa, basi, vipo. Kinachopungua ni watu na muda. WHO imekadiria kuwa ukanda wake wa Afrika una madaktari wa meno 0.33 kwa kila watu 10,000, kama sehemu ya kumi ya wastani wa dunia. Daktari aliyepanga wagonjwa arobaini ukumbini hana nafasi ya mtoto wa kukaa kwenye kiti tu bila kufanyiwa kitu, na orodha ya bei ina mstari wa kung'oa na mstari wa kuziba, haina mstari wa kuzoea.

Kwa hiyo inafaa kuitazama shule. Dar es Salaam, Msimbazi Mseto ina kitengo cha wanafunzi wenye usonji. Nairobi, City Primary ya Ngara inacho pia. Pale mtoto anawajua walimu, anajua mkeka wake uko wapi, na mwalimu anajua sauti gani itamvuruga. Vifaa vya tiba ile ya Dar es Salaam vinaingia kwenye begi moja na havihitaji umeme. Tabibu wa meno akifika asubuhi moja kila mwezi, mwezi wa kwanza ahesabu meno tu, wa pili apake floraidi, wa tatu azibe tundu la kwanza kwa anayekubali, watoto thelathini wanaweza kuhudumiwa bila hata mmoja kubanwa mikono. Mwalimu ataendeleza zoezi la mswaki baada ya uji wa saa nne, na wazazi watapelekewa karatasi ya mstari mmoja: jino gani limeguswa, na tarehe gani tabibu atarudi.